Rangi ya Nyar Sindo

Wino wa manjano ndio huisha kwanza. Ukichapa picha za ng'ombe waliosimama kwenye nyasi, manjano hukauka kabla ya rangi nyingine zote, kwa sababu nyasi zinakunywa manjano na ngozi ya ng'ombe nayo inakunywa manjano. Jambo hili nililijua mwaka 1999, na nililijua vizuri kuliko mtu yeyote mjini Migori. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Naitwa Barnabas Ombui. Kwetu ni Kisii, lakini miaka yangu mingi ya kazi niliimalizia Homa Bay, kwenye mradi mmoja wa samaki wa watu wa Ulaya. Mradi ulipofungwa mwaka 1998, wenyewe walirudi kwao na mimi wakaniachia kompyuta, printa ya wino na kamera, ile ya kutumbukiza disketi ubavuni. Kamera isiyokula filamu! Nikaja navyo Migori, nikafungua duka la dawa za mifugo, na vile vyombo nikavipanga nyumbani kwangu, chumba cha mbele, juu ya meza ya kulia chakula. Mke wangu Nyasuguta alilalamika kuhusu meza yake kwa wiki mbili, kisha akazoea kulia chakula mapajani. Watu wakaanza kuniita Daktari, mimi ambaye sikusomea udaktari hata wa kuku. Sikuwasahihisha, maana jina lilinipendeza.

Miaka ile wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi. Ng'ombe wa huku anavushwa mpaka kwenda Tanzania, wa kule analetwa huku, na akipatikana unazuka ugomvi wa wawili watatu, kila mmoja akiapa kuwa ni wake. Nikawaza, nikapata wazo, na wazo likanivimbisha kichwa: kitambulisho cha ng'ombe. Kadi ndogo ya ukubwa wa kiganja, juu picha ya rangi, chini jina la mwenyewe, jina la mnyama, rangi yake, alama zake na tarehe. Naitia plastiki, naikata pembe zisichome mfuko. Watu walizipenda kuliko vitambulisho vyao wenyewe. Wengine walizitundika ukutani, kando ya kalenda ya kanisa, na mgeni akija anaonyeshwa ng'ombe kabla ya kuonyeshwa kiti.

Sasa, habari ya rangi. Mtu asiyechapa picha nyumbani hudhani unabonyeza tu, na kile kilicho kwenye skrini kinashuka kwenye karatasi kama kilivyo. Thubutu! Skrini ina mwanga wake yenyewe, karatasi haina, inangoja mwanga wa pale ilipo. Ng'ombe mweupe kwenye skrini alinitokea wa kijani. Mweusi alinitokea wa zambarau. Karatasi ya kawaida ilinyonya wino mpaka sura ikafifia, ile ya kung'aa ilitoka Kisumu na haikupatikana kila siku. Nilijifunza kwa kuharibu, na nilipojifunza kidogo nikajiona nimemaliza.

Halafu kulikuwa na pazia. Nyasuguta alikuwa ametundika pazia la rangi ya chungwa kwenye dirisha lile la pekee, na mchana jua likipiga, chumba kizima kinakuwa kama ndani ya papai. Kila kadi niliyoikagua mle ilionekana ina joto, ina uhai, kahawia nzuri ya kupendeza. Zaidi ya mara moja mke wangu aliniambia, "Baba Nyamusi, si utoe nje uone?" Nilimwambia apike.

Rispa alikuja dukani mwezi wa nne kutafuta dawa ya kupe. Alikuwa mama mjane wa kule kati ya Migori na mpaka wa Wakuria, mrefu, mwenye kuongea taratibu. Alipokwisha kufunga dawa kwenye kitambaa akauliza kama ni kweli naandika ng'ombe kitambulisho.

"Ni kweli, Mama Jeff," nikasema.

"Basi mimi nataka ya Nyar Sindo."

Nyar Sindo, binti wa Sindo, lilikuwa jina la ng'ombe wake. Marehemu mumewe alimnunua Sindo, kule ziwani, akamswaga kwa miguu mpaka nyumbani, na kama wake wa Wajaluo wanavyoitwa kwa mahali walikotoka, ng'ombe naye akaitwa hivyo. Ndiye aliyebaki wa mkono wa marehemu. Na alikuwa na kazi iliyokuwa ikimngoja. Mwana wa pekee wa Rispa, Jeff, alikuwa ameoa msichana wa Homa Bay aitwaye Caren, wakapata mtoto, Liz, lakini mahari ilikuwa haijatoka. Kaka ya Caren, Boaz, alikuja kwa hasira, akalishwa, akatembezwa zizini, akamwona Nyar Sindo na hasira ikashuka. Alikubali ng'ombe yule na hakutaka mwingine. Apelekwe Homa Bay kabla ya Krismasi. La sivyo angekuja kuchukua dada yake na mtoto wa dada yake.

"Ile siku Nyar Sindo ataingia kwao, Caren ni wangu kabisa," Rispa aliniambia. "Saa hii ni kama nimeazima mtoto ya watu. Nikimwona anafagia boma yangu, roho inaniuma, nasema, huyu wanaweza kuja kumchukua kesho."

Nilikwenda na kamera yangu. Nyar Sindo alikuwa na rangi ambayo hata leo nikifumba macho naiona: chai ya maziwa mengi, chai ya wageni. Sikio la kushoto lilikuwa na mpasuko mdogo. Caren alimshika kamba, Liz mgongoni, naye alikuwa amevaa gauni la kijani. Nilimwambia asimame kando kidogo, akacheka akasema ng'ombe hatulii asipomshika yeye. Nikapiga picha moja tu, maana disketi ilikuwa inajaa.

Nilipofika nyumbani na kuchapa, nyasi zilitoka za buluu. Nyar Sindo alitoka wa waridi, kama ulimi. Manjano yamekwisha. Katriji mpya ya wino ilipaswa kutoka Kisumu, na aliyekuwa akininunulia ni Bonareri, tuliyefanya naye kazi kwenye mradi, aliyebaki Homa Bay. Nilimpigia simu, akasema nisubiri wiki mbili. Mtu mwenye akili angesubiri. Lakini nilikuwa nimemwahidi Rispa kadi siku ya Jumapili, na ahadi ya Daktari ilikuwa ahadi.

Nikaanza ufundi. Kwenye skrini nikampunguzia ng'ombe mwanga, nikamzidishia giza, ili wino mweusi ufunike ule uwaridi. Karatasi ya kwanza akawa zambarau. Ya tatu akawa kama udongo wa mfinyanzi. Ya sita akatoka kahawia nzito, na chini ya lile pazia la chungwa nikaona amependeza hasa. Nyasi za buluu nikazikata zibaki kidogo. Caren naye nikamkata, pamoja na mlango wa nyumba uliokuwa nyuma yake. Kitambulisho ni cha ng'ombe, nikasema.

Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna wino wa kulisingizia. Nilikuwa nimekwisha kuandika chini ya picha, "Rangi: chai ya maziwa." Nikaangalia maneno, nikaangalia picha, vikawa havipatani. Nikafuta maneno. Nikaandika, "Rangi: kahawia iliyokolea." Sasa kadi ikawa safi, juu na chini ni kitu kimoja. Nikaitia plastiki.

Rispa alipokuja nyumbani Jumapili baada ya ibada yake, aliipokea kwa mikono miwili, akaiangalia mle ndani. Halafu akatoka nayo mlangoni, juani. Nilimfuata. Nje pale niliona alichokiona yeye. Ile kadi ilikuwa ya rangi ya ini.

"Ooyo," akasema. "Daktari, hii si Nyar Sindo."

"Ni yeye, Mama Jeff. Ulikuwepo nikimpiga picha."

"Uso ni yake. Lakini rangi ni ya ng'ombe ya watu wengine. Nyar Sindo ni chai. Hii ni ini."

"Ni wino tu, mama. Wino umeisha kidogo. Watu wataangalia sikio, wataangalia pembe. Wino ukifika nitakuchapia nyingine."

"Ukisema hivyo ni sawa," akasema. "Wewe ndio umesoma."

Aliifunga kwenye kitambaa pamoja na ufunguo wake wa nyumba. Wino ulifika baada ya wiki mbili, kama Bonareri alivyosema. Nikachapa kadi za watu waliokuwa wakipiga kelele dukani. Rispa hakupiga kelele. Disketi yake niliiweka pamoja na nyingine kwenye kopo tupu la mafuta ya Kimbo, nikiwaza kuwa nitaifikia, na mwezi ukaisha, na mwingine, na ikawa kama vile nimekwisha kuifanya.

Mwezi wa nane Nyar Sindo aliibwa pamoja na ng'ombe wengine wanne wa kijiji kile. Jeff na vijana wenzake walifuata nyayo mpaka mvua ikazifuta. Kwa wiki tisa hakukuwa na habari. Kisha, mwezi wa kumi, tukasikia kuwa kundi la ng'ombe waliokamatwa mpakani limefungwa Ntimaru, kwa Wakuria, kwenye uwanja wa josho, na kila aliyepotelewa aende na ushahidi wake.

Nilifunga duka nikaenda. Hakuna aliyeniita. Nilikwenda kwa sababu ilikuwa siku ya kadi zangu kuonekana, na nilitaka niwepo zikionekana. Watu kumi na watano hivi walikuja nazo, na kila aliyepita karibu alinipa mkono. Asubuhi ile kadi zilirudisha ng'ombe sita. Nilikuwa nikitembea pale josho kama baba wa bwana harusi.

Nyar Sindo nilimwona nikiwa mbali. Alikuwa amekonda, mbavu nje, lakini rangi ilikuwa ile ile, na sikio ni lile lile. Sikuwa na shaka hata kidogo. Naliandika hili ili lijulikane.

Lakini kulikuwa na mtu mwingine anayemdai, jina lake Machuki, mkulima wa Ntimaru. Naye hakuwa mwizi, hili pia nataka lijulikane. Alikuwa ameibiwa ng'ombe wa rangi ya chai mwezi ule ule wa nane, sikio limepasuliwa na waya, na alimwangalia mnyama yule kwa macho ya mtu aliyeona chake. Mzee Maranga, aliyekuwa akisimamia, alifuata utaratibu wa kwao. Kila mdai alisimama ng'ambo ya josho, ameupa mgongo uwanja, akataja ng'ombe wake. Rispa alisema rangi ya chai, mpasuko mdogo sikio la kushoto, amenunuliwa Sindo, akaswagwa kwa miguu na marehemu. Machuki alisema rangi ya chai, sikio la kushoto, waya. Kisha wakaambiwa waite. Rispa aliita, ng'ombe akainua kichwa. Mke wa Machuki akaita, ameshika chumvi mkononi, ng'ombe akainua kichwa tena na kumwendea. Kiumbe chenye njaa kitafanya nini?

Wazee wakanong'onezana. Nilimsikia mmoja wao akisema mama wa Kijaluo alitaja mambo mengi zaidi, kwamba pengine apewe. Nadhani wangempa. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na bado nadhani wangempa.

Mimi nikanyosha mkono. "Mzee, huyu mama ana kitambulisho. Kwa nini tubahatishe?"

Rispa aligeuka akaniangalia. Hakuwa ameitoa. Tangu asubuhi kitambaa chake kilikuwa kimefungwa, nami nilidhani ni ushamba, kwamba hajui thamani ya karatasi. Alikifungua polepole, akampa Mzee Maranga kadi.

Mzee aliipeleka karibu na ng'ombe. Saa sita ya mchana, jua wima, bila pazia. Watu wote waliokuwa pale waliona ini na chai vimewekwa pamoja.

"Hapa imeandikwa kahawia iliyokolea," Mzee Maranga akasema. "Na picha pia ni ya kukolea. Huyu ng'ombe hajakolea." Akanigeukia mimi. "Daktari, hii mashine yako inaweza kukosea rangi?"

Swali lilikuwa jepesi. Nilitakiwa kusema, inaweza, mzee, na siku ile ilikosea, na maneno nilibadilisha mimi kwa mkono wangu. Lakini nyuma yangu walikuwa wamesimama watu wenye kadi. Sita walikuwa wameshika kamba za ng'ombe wao tayari. Nikisema mashine inakosea, kadi zote ni takataka, na Daktari ni mwuza dawa ya kupe. Niliogopa kuchekwa. Hakuna sababu kubwa kuliko hiyo, na nimeitafuta.

"Mashine haikosei, mzee," nikasema.

"Daktari," Rispa akaita. Hakupaza sauti. "Waambie ile ya wino. Si uliniambia ni wino?"

Nikainama nikaangalia viatu vyangu.

"Mimi sijui kusoma vizuri," akawaambia wazee. "Hiyo maneno sikujua imeandikwa hivyo. Lakini ng'ombe namjua. Muulizeni mtu ya kadi. Alikuja kwangu, alimwona."

Mzee Maranga aliningoja. Alinipa muda, siwezi kumlaumu. Nilipokosa kusema neno, akarudisha kadi kwa Rispa na kamba akampa Machuki. Kisha, kwa kuwa ndivyo walivyofanya kwa kila aliyedai kisicho chake siku ile, akamwambia Rispa amwombe Machuki radhi. Rispa alimwendea, akampa mkono, akasema, "Nisamehe, baba. Nilikuwa nimefananisha." Machuki aliona haya kuliko yeye. Ng'ombe akapelekwa njia ya juu, na alipofika kwenye kona aligeuka akalia. Rispa hakuangalia upande ule.

Nilirudi Migori. Nilijiambia nitakwenda Ntimaru kesho yake, peke yangu, bila umati, nimweleze Machuki. Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Kesho kutwa alikuja mtu wa dawa. Jumamosi ni Sabato, na kanisani nilikaa benchi la nyuma, jambo ambalo Nyasuguta aliliona. Wiki zikapita hivyo, na ninaona aibu kuzihesabu.

Mwanzoni mwa Disemba, Jeff aliingia dukani. Alisimama mbele ya rafu za dawa akawa anasoma vibandiko, chupa moja baada ya nyingine.

"Unataka nini, Jeff?" nikamwuliza.

"Sitaki kitu," akasema. "Nimekuja tu kukuambia. Jana Boaz alikuja na wazee wawili. Wamemchukua Caren na mtoi."

"Hamkuweza kuongea nao?"

"Tuongee na nini? Mathe aliwaambia ng'ombe ilipotea. Boaz akasema hangoji Krismasi tena, amesikia Ntimaru mathe alidai ng'ombe ya watu, eti sisi tunataka kumlipa na ng'ombe ya wizi." Akarudisha chupa mahali pake, akaihakikisha imekaa sawa. "Caren alilia, lakini akaenda. Mathe amekaa pale mlangoni tangu jana. Hata chai hataki."

Alipotoka nilifunga duka. Nilikwenda nyumbani, nikang'oa pazia la chungwa pamoja na fimbo yake, nikafungua dirisha. Nikatoa disketi kwenye kopo la Kimbo. Nikamwomba mke wangu chai ya maziwa mengi.

"Ya wageni?" akauliza.

"Ya wageni."

Nyasuguta aliileta. Nikaiweka nje, kwenye ukuta wa baraza, kwenye kivuli cheupe kisicho na jua wala rangi ya kitu kingine. Kila karatasi niliyochapa niliitoa nje nikailaza kando ya kikombe. Ya kwanza ilikuwa nyekundu mno. Nikapunguza. Ya pili ikawa na ukijani wa mbali, ule ambao ndani ya nyumba huuoni. Chai ilipopoa na kufanya utando nikaomba nyingine, na Nyasuguta akaipika, akasimama mlangoni akinitazama nikienda na kurudi. Karatasi ya tano ilikuwa sawasawa. Ng'ombe na chai vilikuwa rangi moja. Kazi nzima ilinichukua muda wa kuivisha githeri, mahindi na maharagwe yake.

Safari hii sikukata kitu. Ndipo nilipoona nilichokuwa nimekikata mwezi wa nne. Caren alikuwepo, ameshika kamba, gauni la kijani, Liz akichungulia mgongoni kwake. Nyuma yao ulikuwa mlango wa buluu wa nyumba ya Rispa, na juu ya mlango tarehe ya kujengwa, iliyoandikwa na marehemu kwa rangi nyeupe. Picha hii ingewekwa mkononi mwa Mzee Maranga, hata ikiwa ya zambarau, angemtuma mtu akaone mlango ule, na ng'ombe angerudi nyumbani.

Nilikwenda Ntimaru siku ile ile. Machuki alinikaribisha, akanipa kiti, akaipokea picha.

"Huyu ndiye yule," akasema. "Na huyu ni nani ameshika kamba?"

"Ni mkaza mwana wa yule mama."

"Nilimwuza mnadani," Machuki akasema. "Wiki mbili zimepita. Mnunuzi alikuwa na lori, alikuwa ananunua wa kuchinja." Akanirudishia picha. "Hata mimi nilikuwa na wasiwasi. Alikataa kuingia kwenye zizi langu, kila jioni tunamsukuma. Kwa nini hukusema ile siku? Ungesema, mimi ningemwachia."

Nilimwambia ukweli, kwamba niliogopa kuchekwa. Alinitazama kama mtu anayetazama chakula kilichoharibika, akanisindikiza mpaka njiani kwa adabu zote.

Kesho yake nilikwenda kwa Rispa. Alikuwa pale mlangoni, kama Jeff alivyosema, kwenye kigoda, miguu imenyooka. Boma halikuwa limefagiliwa. Nilimsalimu akaitikia. Nilimweleza yote niliyostahili kuyaeleza mwezi wa kumi: manjano, giza, maneno niliyoyafuta, Machuki, lori. Nilimwambia nitakwenda Homa Bay kumweleza Boaz, na nilikwenda kweli, na Boaz alinisikiliza, akauliza kama kwenye ule mkoba wangu nimebeba ng'ombe. Hayo yalikuja baadaye. Siku ile nilimpa Rispa picha.

Aliinuka akaitoa kwenye kivuli cha paa. Aliishika mbali, akaileta karibu.

"Ndiye," akasema. "Hii ndio rangi yake."

Nilidhani ataendelea kumtazama Nyar Sindo. Badala yake aliweka kiganja juu ya picha, akamfunika ng'ombe wote, kichwa mpaka mkia, akabaki Caren peke yake na kile kichwa kidogo mgongoni. Kidole gumba kikapita polepole kando ya gauni, bila kuligusa.

"Nguo yake ilikuwa ya kijani hivi?" akauliza.

"Hivi hivi, Mama Jeff. Sikuongeza, sikupunguza."

"Na hii umeichapa na mashine ile ile?"

"Ile ile."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na hasira, na ningeshukuru sana kama angekuwa nayo.

"Kumbe ulikuwa unaweza," akasema.

"Nilikuwa naweza, mama," nikamjibu.

Akaingia ndani na picha yake.